Kabla Hujauza Shamba: Mazungumzo Kuhusu Mishipa ya Dhahabu na Fedha Ardhini Mwetu

Haya ni maandishi ya mazungumzo ya afisa wa habari wa kaunti mbele ya baraza la wananchi huko Ikolomani, Kakamega. Yamefupishwa kidogo ili yatoshee katika jarida hili.

 

Nianze kwa kusema ukweli. Mimi si mtaalamu wa miamba. Nilisomea uandishi wa habari. Kazi yangu ni kuchukua maneno ya wataalamu na kuyaleta kwenu yakiwa yanaeleweka na yakiwa bado ni ya kweli. Hilo la pili ndilo gumu, na nitawaambia jinsi nilivyolijua.

Kabla ya kuajiriwa na kaunti nilikuwa mtangazaji katika kituo kimoja cha redio. Siku moja tulipata taarifa kwamba watafiti walikuwa wamechukua sampuli za mawe katika kijiji fulani. Karatasi iliyonifikia mezani ilisema kumeonekana "dalili za dhahabu". Mimi nikasoma hewani, "Dhahabu imepatikana." Niliona ni kitu kimoja. Kumbe madalali nao walikuwa wanasikiliza. Mmoja wao alimwendea mzee wa kijiji kile akamwambia, "Umesikia redio mwenyewe. Kampuni itakuja kukufukuza bila kukulipa kitu. Afadhali nikununulie mimi sasa." Mzee akauza. Pesa zikaisha. Watafiti wakafunga vifaa vyao wakahamia kwingine. Hadi leo hakuna mgodi pale. Kuna miwa, lakini ni miwa ya mtu mwingine.

Mzee huyo alipiga simu kituoni akaniuliza jambo moja tu: "Mwanangu, ile dhahabu uliyosema iko wapi?" Sikuwa na jibu.

Ndiyo maana nimeomba nafasi hii. Nataka tuelewane juu ya mambo matatu: mshipa wa dhahabu ni kitu gani, kwa nini jiwe linalong'aa haliwezi kukuambia thamani ya shamba lako, na ni hatua gani zinazotenganisha dalili na mgodi. Mtu akishayajua hayo, dalali hamtishi kwa urahisi.

MSHIPA NI NINI?

Miamba iliyo chini yetu ni mizee sana. Wanajiolojia wanasema ina umri unaozidi miaka bilioni 2.5. Sehemu yake ni lava na majivu ya volkano zilizozimika zamani mno, na sehemu nyingine ni matope na mchanga uliogeuka kuwa mwamba. Katikati yake kukapenya mawe ya moto kutoka chini yaliyopoa na kuwa matale. Lile jiwe linalolia la Ilesi, ambalo sote tumewahi kupiga picha chini yake, ni tale. Miamba ya aina hii inalizunguka Ziwa Victoria. Ndiyo iliyobeba dhahabu ya Kakamega, ya Migori, na ya Geita kule Tanzania.

Sasa, miamba hiyo ilisukumwa na kubanwa hadi ikapasuka. Ndani ya nyufa hizo, kilomita kadhaa chini ya ardhi, yalipita maji ya moto sana, ya nyuzi 250 hadi 350 hivi za Selsiasi. Maji hayo hayakuwa safi. Yalikuwa yameyeyusha vitu vingi njiani, vikiwemo silika, salfa, na dhahabu kidogo sana.

Mama zangu, mnajua birika la chai likitumika muda mrefu huota ukoko mweupe ndani. Ukoko ule haukuwekwa na mtu. Ulikuwa ndani ya maji, ukabaki yalipochemka. Kule Olkaria, Naivasha, wanakozalisha umeme kwa mvuke wa ardhini, mabomba hushikwa na ukoko wa silika vivyo hivyo. Mshipa wa dhahabu ni ukoko wa namna hiyo, isipokuwa uliota ndani ya ufa wa mwamba. Lile jiwe jeupe, gumu kama chupa, ambalo vijana hulifuata mashimoni linaitwa kwatzi. Ni silika iliyoganda. Ufa ukajaa, tetemeko likaupasua tena, maji yakapita tena, ukoko ukaongezeka. Ndiyo sababu ukikata kipande cha mshipa mara nyingi utaona mistari mistari.

Na dhahabu je? Ndani ya maji hayo dhahabu ilibebwa na salfa, kama punda anavyobeba mzigo. Maji yalipofika kwenye mwamba wenye chuma kingi, salfa ikashikana na chuma na kutengeneza pairiti, yale madini ya njano yanayong'aa. Punda akishafungwa pale, mzigo ukadondoka. Ndiyo maana pairiti na dhahabu hukaa jirani. Lakini sikilizeni vizuri: kuona kamba ya punda si kuona mzigo. Kuna pairiti nyingi sana duniani isiyo na dhahabu hata chembe.

Jambo la kushika hapa ni kwamba mshipa haukujazwa sawasawa. Mahali ufa ulipokuwa mpana au ulipopinda, maji yalikaa na dhahabu ikatua. Mita tano mbele, ufa ule ule unaweza kuwa na kwatzi tupu. Mshipa unanenepa, unakonda, unakatika, unaruka pembeni. Jirani yako kupata dhahabu hakumaanishi kwamba wewe unayo. Na wewe kukosa juu hakumaanishi kwamba hakuna chini.

DHAHABU NA FEDHA NI NDUGU

Wengi wenu mmeuza dhahabu na mnunuzi akawaambia, "Hii imechanganyika." Mkadhani anawaibia. Pengine anawaibia kweli, lakini neno lenyewe si uongo.

Dhahabu inayotoka ardhini karibu kila mara ina madini mengine ndani yake, na mwenzake mkubwa ni fedha. Sisemi fedha za mfukoni, nasema madini ya fedha, yale meupe ya kutengenezea mapambo. Maji yale ya moto yalibeba vyote viwili. Fedha ikizidi, dhahabu inapauka na kuwa ya njano hafifu. Katika mishipa iliyoganda kina kirefu, kama ya kwetu, kwa kawaida dhahabu huwa nyingi kuliko fedha. Katika mishipa iliyoganda karibu na uso wa nchi, kwenye maeneo ya chemchemi za moto, fedha mara nyingi huizidi dhahabu. Na Migori, katika mgodi wa zamani wa Macalder uliofungwa mwaka 1966, dhahabu na fedha zilitoka pamoja na shaba. Kwa hiyo kila eneo lina mchanganyiko wake.

Hili lina maana gani kwa mfuko wako? Kama gramu moja uliyopeleka sokoni ina dhahabu asilimia 80 na fedha asilimia 20, basi ndani yake mna dhahabu gramu 0.8 tu. Karati ni hesabu hiyo hiyo kwa jina lingine: karati 24 ni dhahabu tupu, na karati 18 ni sehemu tatu kwa nne. Mnunuzi mwaminifu atapima usafi mbele yako na kukuonyesha hesabu. Asiyetaka kukuonyesha, rudi nyumbani na dhahabu yako.

Na kuna kitu wazee waliniuliza mwezi uliopita: kwa nini dhahabu ya mtoni huwa ya njano iliyoiva kuliko ile ya shimoni? Jibu ni kwamba chembe inapokaa mtoni miaka mingi, maji na hewa huila fedha iliyo juu yake, na dhahabu inabaki. Kwa hiyo mkiona rangi mbili, msidhani moja ni bandia.

Dhahabu bandia mnaweza kuijaribu wenyewe. Gonga chembe kwa nyundo. Dhahabu itapondeka na kuwa bapa kama kimkate, lakini pairiti itavunjika vipande vipande. Isugue kwenye kigae kisichopakwa rangi. Dhahabu huacha mstari wa njano, pairiti huacha mstari mweusi. Na kwenye karai dhahabu hukaa chini kabisa, kwa sababu uzito wake ni mara 19 ya maji ya ujazo huo huo, wakati wa pairiti ni kama mara 5 tu.

KWA NINI JIWE MOJA HALITOSHI

Karibu kila wiki mtu huja ofisini kwetu na jiwe lililofungwa kwenye leso. Anataka nimwambie shamba lake lina thamani gani. Wacha tupige hesabu pamoja.

Wataalamu hupima dhahabu kwa gramu katika kila tani moja ya mwamba. Gramu moja ya dhahabu ina ukubwa kama wa punje ya mtama. Mgodi wa Rosterman, hapa karibu na mji wa Kakamega, ulikuwa tajiri kwa kipimo chochote. Kumbukumbu zake zinaonyesha wastani wa gramu 13 hivi kwa tani. Yaani punje 13 za mtama ndani ya kilo 1,000 za mawe. Tuseme debe moja la mawe lina kilo 30. Kwa utajiri ule wa Rosterman, debe hilo lina dhahabu chini ya nusu gramu, na hapo ni kama hujapoteza hata chembe wakati wa kuponda na kuosha.

Sasa wewe umeleta jiwe la ukubwa wa ngumi. Kama limebahatika kuwa na chembe moja, litaonekana kama shamba lote ni dhahabu. Kama chembe hiyo ilibaki kwenye jiwe la jirani yake, litaonekana halina kitu. Yote mawili ni uongo. Mawe mawili yaliyokaa bega kwa bega katika mshipa mmoja yanaweza kupishana mara kumi. Ndiyo maana watafiti hawachukui jiwe moja, wanachukua maelfu ya sampuli.

Na jiwe la juu lina hila nyingine. Karibu na uso wa nchi, mvua na hewa vimeozesha mwamba kwa miaka mingi hadi ukawa ule udongo mwekundu laini. Pairiti imeshika kutu na kuisha, dhahabu ikabaki huru. Hiyo ni rahisi kuosha kwa karai. Ukishuka chini kwenye mwamba mbichi, dhahabu nyingi bado imefungwa ndani ya pairiti na madini mengine ya salfa. Karai haliioni. Zebaki haiishiki. Nimesikia vijana wakisema shimo limeingiliwa na majini na dhahabu imekimbia. Haikukimbia. Iko pale pale ndani ya jiwe, na vifaa mlivyo navyo haviwezi kuitoa.

KUTOKA DALILI HADI MGODI

Basi watafiti hufanya nini? Kwanza hutembea na kuchora ramani ya miamba. Hukusanya udongo kwa mistari na kuupima. Panapoonyesha kitu, huleta mashine ya kutoboa mwamba. Mashine hiyo hutoa kipande cha mviringo, kirefu kama muwa. Wengi wenu mmeviona vimepangwa kwenye masanduku. "Muwa" huo hupasuliwa katikati kwa urefu. Nusu moja huenda maabara, nusu nyingine hubaki sandukuni kama ushahidi.

Maabara huisaga ile nusu ikawa unga, huchukua gramu 30 au 50 za unga huo na kuuyeyusha pamoja na madini ya risasi. Risasi ikikusanyika huvuta dhahabu na fedha zote. Kisha risasi huondolewa kwa moto, na kinachobaki ni tone dogo la dhahabu na fedha. Tone hilo hutiwa asidi inayoyeyusha fedha. Dhahabu inayobaki ndiyo hupimwa. Kwa hiyo ndugu wale wawili hutenganishwa mwishoni kabisa, na hapo ndipo hujulikana kila mmoja ana uzito gani.

Baada ya mashimo mengi, wataalamu hukadiria mshipa una urefu gani, unene gani, unashuka hadi wapi. Wakishajua hivyo, bado swali la kuchimba halijajibiwa. Je, gharama ya kuitoa ni ndogo kuliko bei yake? Maji yatatoka wapi? Takataka zitawekwa wapi? Watu wanaoishi juu yake wataenda wapi, na kwa makubaliano gani? Maeneo mengi yanayotafitiwa hayafiki mwisho wa safari hii.

Kwa hiyo kuna maneno matatu, na naomba tusiyachanganye kama nilivyofanya mimi redioni. Dalili ni kwamba kitu kimeonekana. Akiba ni kwamba kimepimwa. Mgodi ni kwamba kimepimwa, kimeonekana kina faida, kikapewa kibali, na watu wakakubaliana. Mashine ya kutoboa mwamba ikipita kijijini kwako, mko kwenye neno la kwanza, au mko njiani kuelekea la pili.

Najua kwa nini wazee hawaamini kwa haraka. Mwaka 1931 Mmarekani aliyeitwa L. A. Johnson, aliyekuwa akiishi Turbo, alipata dhahabu hapa Kakamega, na mwaka uliofuata Wazungu wakamiminika kwa mamia. Sheria ya mwaka 1930 ilikuwa imeahidi kwamba ardhi ya Waafrika ikitwaliwa, watapewa nyingine ya ukubwa sawa. Desemba 1932 serikali ya kikoloni iliibadilisha ili ardhi iweze kutwaliwa kwa uchimbaji bila kutoa nyingine. Rosterman ikachimbwa kuanzia mwaka 1935 hadi 1952, ikatoa dhahabu inayozidi aunsi 250,000. Ikafungwa. Mashimo yakabaki kwetu. Hofu ya wazee haikutoka hewani, na afisa yeyote anayekuja kuzungumza nanyi kuhusu dhahabu anapaswa kuijua historia hii kabla hajafungua mdomo.

MSHIPA HUOHUO UNAVYOUA

Vijana wangu wa mashimoni, sasa naomba mnisikilize nyinyi.

Nimesema mshipa uliota ndani ya ufa. Maana yake ni kwamba mwamba ulio pembeni mwa mshipa ulikwisha kuvunjwavunjwa tangu zamani. Mnapolifuata kwatzi na kuliondoa lote, mnaondoa kitu kigumu kilichokuwa kimeshikilia kuta mbili dhaifu. Udongo mwekundu wa juu ukinywa mvua huwa mzito na laini kwa pamoja. Ndiyo sababu mashimo huporomoka wakati wa mvua au siku chache baada yake, hata jua likiwa linawaka. Msishuke wakati huo. Msichimbe chini ya udongo bila mbao za kuzuia kuta. Msiingie mashimo ya zamani. Hamjui yameishia wapi wala yameshika maji kiasi gani. Na jenereta ya kuvuta maji isiwekwe shimoni au mdomoni mwa shimo, kwa sababu moshi wake huua bila harufu ya kukuonya.

Mama zangu mnaoponda mawe, lile kwatzi ni silika. Vumbi lake likiingia mapafuni halitoki. Hukwaruza mapafu kidogo kidogo hadi pumzi inakuwa fupi, na humfungulia kifua kikuu mlango. Kumwagia mawe maji kabla ya kuponda hupunguza vumbi sana. Watoto wasikae karibu. Na ukikohoa kwa wiki mbili, nenda kituo cha afya. Kipimo cha kifua kikuu na dawa zake ni bure katika hospitali za umma.

Na zebaki. Najua ndiyo inayoshika dhahabu huru, na najua wengi huichoma kwenye jiko la nyumbani ili wabaki na dhahabu. Mvuke wake hauonekani, lakini huingia kwenye ubongo na mishipa ya fahamu. Kwa mama mjamzito humfikia mtoto tumboni. Hubaki ukutani, kwenye nguo, kwenye sufuria. Ikimwagwa mtoni huingia kwenye samaki. Msiichome ndani ya nyumba, msiishike kwa mikono mitupu, na msioshee mtoni. Kikundi kinachoweza kununua chombo cha kufungia mvuke na kuirudisha zebaki chupani kinaokoa afya na pesa kwa pamoja.

SHAMBA LAKO NA SHERIA

Mtaniuliza, "Kwani dhahabu iliyo chini ya shamba langu ni ya nani?" Katiba, kifungu cha 62, inaweka madini yote chini ya ardhi ya umma. Hati yako ya shamba inakupa ardhi, haikupi madini. Lakini msiishie hapo, maana hapo ndipo madalali huishia.

Sheria ya Madini ya mwaka 2016 inasema leseni ya kutafiti au kuchimba haiwezi kutolewa juu ya ardhi ya mtu binafsi bila idhini yake. Mwenye leseni akiharibu mimea, nyumba au maji yako, una haki ya kudai fidia. Leseni ya kutafiti ni ya muda usiozidi miaka mitatu kwa awamu moja, na haimruhusu mtu kuchimba na kuuza. Leseni hutolewa na wizara ya serikali ya kitaifa inayosimamia madini. Kaunti haitoi leseni hizo. Mtu akikuonyesha "leseni ya kuchimba dhahabu" kutoka kaunti, tuletee habari zake.

Mgodi ukianza, mrabaha unaolipwa hugawanywa hivi kwa mujibu wa sheria hiyo: asilimia 70 kwa serikali ya kitaifa, 20 kwa kaunti, na 10 kwa jamii ya mahali madini yanapochimbwa. Nanyi vijana, sheria inatambua uchimbaji mdogo. Mkenya mtu mzima anaweza kuomba kibali, na kuna kamati ya uchimbaji mdogo katika kaunti ambamo serikali ya kaunti ina mwakilishi. Mkiwa kikundi kilichosajiliwa njia ni rahisi zaidi, na mkiumia au mkidhulumiwa mna mahali pa kusimama.

Sasa dalali akija na pesa mkononi na kalamu mfukoni, kumbukeni mambo manne.

Kwanza, muulize leseni. Angalia jina, aina, eneo na tarehe ya mwisho, kisha uthibitishe na wizara. Orodha ya leseni inapatikana kwenye tovuti yake, na ofisi yetu itakusaidia kuiangalia bila malipo.

Pili, uuzaji wa shamba la kilimo unahitaji idhini ya bodi ya ardhi, na shamba la familia linahitaji idhini ya mke au mume. Anayekuambia mmalize leo jioni bila hayo anakukimbiza kwa sababu.

Tatu, usitie sahihi wala kidole gumba kwenye karatasi ambayo hujasomewa kwa lugha unayoielewa na mtu unayemwamini. Idhini ya kuingia kutafiti ni karatasi moja, mauzo ya shamba ni karatasi nyingine. Zinaweza kufanana kwa macho.

Nne, usikubali bei iliyotokana na jiwe moja. Si ya juu, si ya chini. Dalali haijui dhahabu iliyo chini ya shamba lako, nawe huijui. Tofauti ni kwamba wewe ndiye unayepoteza mahali pa kulala, pa kulima na pa kuzika akikosea.

Ndugu zangu, mshipa ule umekaa chini pale kwa zaidi ya miaka bilioni mbili. Hautahama wiki ijayo. Kama upo, utakuwepo utakapokuwa umeuliza maswali yako yote na kupata majibu kwa maandishi. Na sisi wa ofisi ya habari tuna kazi yetu: kila taarifa ya madini tunayotoa, tutasema wazi kama ni dalili, ni akiba, au ni mgodi. Mkinisikia nikichanganya tena, nisimamisheni hapo hapo, kama yule mzee alivyonisimamisha.

Maswali yenu nayapokea.